Upande wa Mwanaume

Jumatatu, 5 Mei
Matope mpaka mlangoni. Nimefua, nimeandika kurasa mbili za riwaya. Mhariri amepiga simu. Anasema mwamba ngoma huvutia kwake, na mapenzi ya riwaya yangu yanasimuliwa na mke peke yake. Anataka sura za mume pia, la sivyo hachapishi. Miaka mitatu ya kazi! Nimekasirika. Mwanaume huwaza nini, mimi nitajuaje?

Jumamosi, 10 Mei
Mutua amerudi kutoka kazini Illasit. Mume wangu si mtu wa maneno, lakini nimemwomba aniandikie sura moja. Shujaa wangu nimemtoa kwake: mnunuzi wa nyanya, siku za kazi Illasit, wikendi kwa mkewe hapa Kitengela. Alicheka. Kisha akaandika mfululizo, chai ikapoa. Sijawahi kumwona hivyo.

Jumapili, 11 Mei
Sura ni nzuri. Ina uhai kuliko zangu zote, wivu umenishika. Kosa moja tu: "Jumatatu jioni nikafika nyumbani." Jumatatu shujaa yuko Illasit. Nimekata, nimeandika "kazini".

Jumamosi, 17 Mei
Ameleta sura ya pili bila kuombwa. Tena: "Jumatatu nikafika nyumbani. Akanipokea mkoba." Na Jumamosi? "Nikapitia Kitengela." Nikapitia! Mtu hupitia dukani. Maharagwe yameungua nikiwa nimesimama hapo hapo.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya kanisa nilimwonyesha mstari ule. Nikauliza ni nani anayempokea mkoba. Aliendelea kukwangua matope kwenye viatu.
"Si ni wewe ulisema unataka upande wa mwanaume?"
Basi. Hakuna aliyekula. Naogopa. Nampenda na ninamchukia.

Jumatatu, 19 Mei
Mutua ameondoka asubuhi. Hakusema atarudi lini, sikuuliza. Mhariri amesoma sura mbili nilizomtumia, anasema mume huyu anaaminika kabisa.
Nimeanza sura nyingine, ya mwanamke wa Illasit. Nilitaka awe mbaya. Nikampa kiburi, nikampa kucha ndefu. Kufikia ukurasa wa pili alikuwa amefagia uwanja, amebandika chai, ameenda langoni mara tatu kuangalia barabara. Nilijaribu kumfuta, nikashindwa. Anaingoja Jumatatu kama mimi ninavyoingoja Jumamosi.