Nyumba Aliyoiacha Pesamino

Safune, Savaii
9 Februari 1964

Mdogo wangu Pesamino,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua kwa mvua hizi. Wewe je, baridi ya New York inakuachia hata usingizi? Shemeji yako Lusia anauliza kama unakula.

Mama anazunguka kijiji kizima na picha yako uliyopigwa umevaa koti. Jumapili, kabla majimbi hayajatolewa kwenye mawe ya moto, kila mgeni alikuwa ameshaishika. Mimi ninayemchotea maji sina picha.

Ninaloandikia ni nyumba ya Chifu Asolelei. Ulisimamisha nguzo na mbavu za paa, halafu yule mzungu akaja kutafuta fundi wa kumjengea mkahawa wa mtindo wa visiwa vyetu kwenye maonyesho ya dunia, akaiona, akakuchukua. Sawa. Lakini mpaka leo iko wazi, haijaezekwa, na Chifu ananiuliza kila tukitoka kanisani. Unajua sheria yetu mafundi: nyumba aliyoianza mwenzio huigusi mpaka mwenyewe akuruhusu. Basi niruhusu. Niandikie maneno mawili niyasome mbele ya mafundi, niimalize.

Kakako,
Feleti

New York
15 Machi 1964

Kaka mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Mpe mama pole ya magoti. Mwambie shemeji nakula, ila hapa nyama ya nguruwe wanaipika na nanasi, sijui nani aliwadanganya.

Laiti ungeona, kaka. Kila nchi imejenga jengo lake, na letu paa lake ni refu kupita la kanisa la kwetu. Mlangoni wamesimamisha sanamu la mti lenye meno. Nikamuuliza bosi, "Hili la nani?" Akasema, "La kwenu." Kwetu sijawahi kuliona, lakini nikapanda zangu, maana watu wa gazeti walikuwa wanangoja kunipiga picha nikiwa juu, nikifunga nguzo kwa kamba zangu za usumba wa nazi. Wameniandika fundi mkuu.

Kuhusu nyumba ya Chifu, hapana. Nitarudi na nitaimaliza mwenyewe. Nakujua wewe. Ukiezeka upande mmoja tu, itaitwa nyumba ya Feleti mpaka tuzikwe wote.

Mdogo wako,
Pesamino

Safune
19 Aprili 1964

Pesamino,

Hatujambo. Nawe natumaini hujambo, fundi mkuu.

Nina wivu, ndiyo. Bora nikuandikie waziwazi kuliko uambiwe na watu. Lusia alisoma barua yako kwa sauti, akacheka pale pa sanamu, nikainuka nikatoka nje. Nani alikufundisha kuizungusha kamba ile, wakati ulikuwa bado unalia nyuzi zikikukata vidole? Yule mzungu alipouliza nani kajenga, mimi nilikuwa shambani. Ningekuwepo ningesema ni sisi wawili, mwalimu na mwanafunzi. Wewe ulisema, "Mimi."

Sasa tukikaa kunywa kava wananitania: "Feleti, mlinzi wa mifupa, wezi hawajaja bado?" Mvua inazinyeshea mbavu zako, nami napita pale na tezo begani kama mtu asiye na kazi. Umeondoka na New York, umeniachia nyumba, na mlango wake umeufunga. Usiponijibu, nitapanda bila ruhusa yako. Mafundi wakinifukuza, wanifukuze.

Kakako,
Feleti

New York
28 Juni 1964

Kaka Feleti,

Nisamehe kwa kimya hiki. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Natumaini mama anatembea.

Siku chache kabla ya kufungua, alikuja mkaguzi, akasema kamba haiaminiki. Bosi akaleta vijana wakatoboa nguzo zangu na kutia bolti. Kisha akaniambia, "Sasa zungusha kamba zako juu yake, zifiche chuma." Kwamba ziwe pambo. Nikaweka tezo chini, nikaondoka, kama baba angefanya.

Nikakaa chumbani nikamngoja bosi. Nilijua nyumba haiwezi kuguswa nami nimekasirika, kwa hiyo lazima aje na chakula na mkeka mzuri kunibembeleza, kama wafanyavyo wenye nyumba kwetu. Nilifagia kabisa, kaka, nikavaa shati safi. Hakuja mtu. Nilipokwenda kutazama, nyumba ilikuwa imekwisha. Kamba zimezungushwa na mtu asiyejua hata kamba inaanzia wapi, na watu wanakula. Mlinzi wa geti hakunijua. Nikakata tiketi kama mgeni, nikaingia kuiona nyumba yangu.

Imalize ya Chifu. Hii ndiyo ruhusa yangu, wasomee mafundi wote. Mimi nimeonja kunyang'anywa na watu wasiojua hata kwamba wamenyang'anya. Wewe angalau uliomba.

Mdogo wako,
Pesamino

Safune
2 Agosti 1964

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anatembea, na majirani anawasumbua kama kawaida.

Nilipofika pale pa shati safi nilicheka. Halafu nikaona haya, nikaisoma tena, sikucheka.

Sikuwa nimeigusa nyumba. Vitisho vyangu unavijua. Barua yako ilipofika, kabla ya kumwambia mtu, nilipanda juu nipaone pale ulipoishia. Nisikufiche, nilikuwa natafuta fundo baya. Moja tu lingenitosha, ningewaita wenzangu walione. Nimepapasa boriti kwa boriti mpaka jua likanichoma mgongo, sikupata. Ile kamba niliyokufundisha, mimi mwenyewe siifungi vizuri hivyo. Sijawahi kuifunga hivyo.

Nikiendelea mimi, kila atakayelala chini ya paa lile ataona ulipoishia wewe na nilipoanzia mimi. Siliwezi hilo, Pesamino. Kila kitu kingine ningekiweza.

Kwa hiyo barua yako sikuisoma mbele ya mafundi. Nimemwambia Chifu kwamba umekataa katakata kuniruhusu. Amekukasirikia wewe, mimi ananionea huruma, na Jumapili alinipa bega la nguruwe. Rudi umalize nyumba yako, na uje na kitu cha kumtuliza.

Kakako,
Feleti