Mzee wa Kisimani

Jumapili, 12 Novemba 2023

Miaka arobaini na mmoja tangu nishuke Dar kutoka kwetu mlimani, Kibosho.

Misa ya kwanza. Mvua njiani. Chai, mkate, dawa ya presha. Halafu nikakichaji kidude cha gemu alichonitumia binti yangu Manka. Nakichaji kila Jumapili ingawa ndani yake hakuna cha kucheza. Fundi alisema betri ikilala sana inakufa.

Wiki hii linatoka. Gemu la Kijapani tulilocheza na Manka alipokuwa darasa la kwanza, limetengenezwa upya, sasa lina rangi. Kidude alikituma mwaka jana kutoka Kanada kwa sababu hiyo moja. Alisema Krismasi atakuja Dar na tutalicheza kama zamani, mimi nisome, yeye abonyeze.

Nina miaka sabini na mbili na nasubiri gemu. Sioni aibu. Tangu tumzike mama yake Kinondoni sijasubiri kitu kingine.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepita kwa Jayesh, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Anauza simu na magemu, mizigo yake hupitia Dubai. Duka lilikuwa limejaa, akanitania mbele ya wateja.

"Shikamoo, Baba Manka. Wazee wenzako wanasubiri pensheni, wewe unasubiri mazimwi."

"Marahaba. Mazimwi angalau huwa yanatokea."

Wakacheka. Amesema subira kidogo, mzigo uko njiani.

Watu hudhani ni mchezo wa kupigana. Kupigana ni kidogo. Ni maneno, mengi kama kitabu. Vijana wanne wanatoka kijijini kwao na kuvuka nchi nzima. Maneno yote Kiingereza, na Manka wakati ule hakujua Kiingereza. Mimi nilikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapaji. Mchana kazi yangu ilikuwa kutomwongezea mtu hata nukta. Jioni tulikaa kitandani, yeye akibonyeza, mimi nikisoma kwa Kiswahili.

Katika kile kijiji cha mwanzo kuna mzee amekaa kisimani. Ana sentensi moja: "Maji ya mwaka huu ni matamu." Hana nyingine, hata umrudie mara ngapi. Manka alimrudia kila baada ya ushindi ili ampashe habari. Mara ya kwanza nilisoma kilichoandikwa. Mara ya pili niliuona uso wa mtoto unavyosubiri. Nikatunga.

Ijumaa, 17 Novemba

Limetoka. Duniani, si Kariakoo.

Jumatano, 22 Novemba

Mvua haina adabu. Bonde la Jangwani limejaa maji, mabasi ya mwendokasi hayapiti. Mzigo wa Jayesh umekwama uwanja wa ndege. Nimeshinda ndani.

Nimekuwa nikimkumbuka yule mzee, yaani wangu wa kutunga, si wao wa kwenye gemu. Alimweleza Manka mfereji unaopita nyuma ya nyumba na zamu za maji alfajiri. Baridi ya Julai. Ng'ombe anayelishwa ndani na jina lake. Moshi wa jikoni ukipenya kwenye migomba.

Alimweleza pia kwamba alizaliwa wa kati. Kwetu mtoto wa kwanza hukatiwa shamba, wa mwisho hurithi nyumba ya baba. Wa kati hupewa baraka. Baba aliisema mbele ya ukoo: "Wewe wa kati, dunia ni yako." Lakini aliwahi kuniahidi ukingo wa shamba, nami nilikuwa nimeshapanda kahawa pale. Mdogo wangu Aloisi aliing'oa kabla haijazaa mara ya kwanza. Hakuna aliyemkemea. Nikashuka.

Kwetu aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea. Jani likishafika huwezi kukataa kusamehe. Mzee wa kisimani alikuwa akisubiri jani. Manka aliuliza kila jioni kama limefika. Nami nikasoma: "Bado."

Jumamosi, 25 Novemba

Manka amepiga. Tiketi amekata. Atatua KIA, uwanja wa kule kwetu, si Dar. Kuna ndege inayofika huko bila kupitia Dar, na watoto hawawezi safari ndefu. Krismasi kwa baba yake mdogo Aloisi, Kibosho. Kisha warudi hukohuko walikotoka.

"Njoo wewe, Baba. Mabasi ya siku hizi mazuri, mpaka choo kimo."

Nikasema nitaangalia. Nikamwomba siku mbili tu za Dar. Akasema atajaribu. Namjua mwanangu. Akisema atajaribu, ameshakataa.

Jumapili, 26 Novemba

Sikwenda kanisani. Betri nimechaji.

Alhamisi, 30 Novemba

Limefika. Jayesh amelileta mwenyewe hadi nyumbani, ngazi zote hizi, akihema. Kiboksi kidogo kuliko nilivyodhani, nailoni yake haijachanwa. Akauliza mbona sifungui. Nikamwambia sifungui bila mwenzangu. Akanitazama, akanywa chai yake, hakutania.

Nimeliweka chini ya picha ya mama Manka.

Jumatatu, 4 Desemba

Niandike kama ilivyokuwa.

"Baba, usikasirike," Manka alianza kwenye simu. "Watoto walishindwa kusubiri. Tumenunua la huku, tumelimaliza."

Nikasema watoto ni watoto.

"Ila yule mzee wa kisimani, Baba. Nimemrudia mpaka wanangu wakanicheka. Niliwaahidi mambo yake yote. Anasema maji matamu, basi."

"Ndivyo alivyoandikwa."

Nilisikia katuni nyuma yake, kwa Kiingereza.

"Kumbe alikuwa wewe."

"Nilikuwa nasoma, mama."

"Baba, ndiyo maana napanda Kibosho. Nataka wanangu wauone ule mfereji."

Tukaagana. Nimekaa na simu mkononi hadi ikazima taa yake. Nimesubiri mwaka mzima kucheza na mwanangu, naye amemaliza bila mimi. Halafu hili la pili, kubwa zaidi. Nani alimpeleka Kibosho badala ya kwangu? Mimi. Kwa kinywa changu, jioni baada ya jioni.

Jumatano, 20 Desemba

Kariakoo inamwagika. Maduka ya Wachaga yanafungwa moja baada ya jingine, mageti chini, watu wanabeba sukari na mabati kwenda kwao. Kila mwaka muuza nondo wa duka la chini huniuliza, kwa jina wanalotuitia Wachaga: "Mangi, wewe hupandi?" Mwaka huu nikamwonyesha tiketi ya basi. Ndiyo, nimekata. Akanishika mkono kama nimepata mtoto.

Jioni Aloisi akapiga. Sauti yake sasa ni ya baba, nilishtuka.

"Kaka, karibu sana. Chumba cha wageni tumeshakitandika."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo baya. Nikamuuliza mfereji bado una maji.

"Mfereji? Tuliufukia zamani, Kaka. Siku hizi bomba. Na nyumba ya mzee wetu tulibomoa, tukajenga nyingine, utaona vigae."

Ya kahawa hakuyataja. Nilimpa nafasi. Nilinyamaza makusudi, na yeye akajaza kimya kile kwa bei ya saruji.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimerudisha tiketi. Nyuma yangu dirishani alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, siku mbili hajapata basi. Nafasi yangu akaichukua kabla sijafunga pochi. Alinibariki sana. Sikuwa nimefanya wema wowote.

Manka nimemwambia presha imepanda. Si uongo wote.

Jumatatu, 25 Desemba

Wali, kuku wa Jayesh, ambaye Krismasi si yake na nyama hali. Amemtuma mtu alete.

Mchana picha kwenye simu. Manka na wanawe mbele ya vigae vyekundu. Watoto wamevaa majaketi. Mlima haukuonekana, mawingu. Chini ameandika: "Baba, mfereji uko wapi? Watoto wanauliza."

Nikaandika: umefukiwa. Nikafuta. Nikaandika: nyuma ya migomba, usiku mtausikia. Nikafuta hiyo pia.

Nikatuma: "Krismasi njema, wanangu."

Jumatano, 3 Januari 2024

Mzigo kwa basi, kutoka Kibosho. Mkungu wa ndizi na boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani ya boksi gazeti. Ndani ya gazeti jani la sale, bichi, refu, limefungwa fundo kama inavyotakiwa.

Nilikaa chini kwanza. Akilini nilimuona Aloisi akilichuma. Niliona mkono wake. Nikasema kwa sauti, chumbani peke yangu: limefika.

Nikampigia Manka. Alikuwa KIA, wanasubiri kuitwa.

"Nimelichuma mimi, Baba. Kwa sababu sikufika Dar. Na kwa sababu hatukukusubiri."

Nikamuuliza kama Aloisi anajua.

"Nilimwomba alitume yeye. Nikamkumbusha kahawa. Akasema hakumbuki kitu kama hicho."

Nimemsamehe mwanangu kabla hajamaliza kusema. Ndiyo desturi, na ningemsamehe hata bila jani. Nilimwambia asafiri salama. Alikuwa analia, wakaitwa, akakata.

Jani la kwanza maishani mwangu, limetoka kwa mtu ambaye hakunikosea.

Jumapili, 7 Januari

Misa ya kwanza. Chai, mkate, dawa. Hakuna mvua.

Nimechana nailoni. Miwani, kidude, kiti karibu na dirisha. Vidole vyangu vizito, kijana wangu wa kwenye gemu aligonga ukuta mara nyingi kabla ya kujifunza kutembea. Rangi ni nzuri. Kijiji kina maua sasa.

Mzee yuko palepale. Wamempaka ndevu nyeupe. Nikabonyeza. Nikamsoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kama alivyoandikwa: "Maji ya mwaka huu ni matamu." Nikambonyeza tena. Akasema hivyohivyo. Sikuongeza neno.

Nikawatoa vijana wanne kijijini, barabara ya kaskazini.

Sale liko ndani ya glasi ya maji, chini ya picha ya mama Manka. Bado bichi. Kesho nitalipeleka Kinondoni, nilichomeke kichwani pa kaburi lake, na nitamwambia mtunza makaburi kwamba nafasi ya pembeni yake ni yangu.

Kibosho sitarudi.