Sauti ya Dada Kwenye Diski ya Zamani

Jumamosi, 2 Machi

Nimeipata! Ilikuwa chini ya kabati, ndani ya mfuko wa viatu. Diski ya ile kompyuta yetu ya zamani – nzito kama tofali. Humo ndimo Dada alimohifadhi vitabu alivyovisoma kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Alikuwa akitundika mablanketi madirishani kuzuia kelele, anasoma sura nzima. Akikosea, anacheka, anarudia. Kabla ya kansa. Kabla hawajamtoa zoloto na sauti yake ikaenda nayo, mtoto wake akiwa bado mchanga.

Nimemwonyesha. Kachukua kibao chake cha kuandikia: “Iache.” Kisha kafuta mwenyewe.

Jumapili, 3 Machi

Kompyuta yangu haiitambui. Nimeiunganisha kwa adapta – kimya. Nimebadilisha waya. Kimya. Tundu jingine. Kimya! Nimeitegea sikio: haizunguki hata kidogo. Labda haipati umeme wa kutosha. Au imekufa. Sitaki kuliandika neno hilo.

Mpwa wangu kauliza nasikiliza nini. Nikamwambia sauti ya mama yako imo humu. Kosa! Ameshinda akiigonga kwa kidole: “Mama, toka!” Dada alikuwa mlangoni.

Jumanne, 5 Machi

Kwa fundi wa kompyuta. Mtu wa maneno machache, miwani juu ya paji la uso. Anasema diski kubwa za zamani zinataka umeme wa peke yake; adapta yangu ni ya zile ndogo. Kaniazima yenye plagi yake. Halafu kanyofoa kijipini nyuma ya diski, kakihamisha – eti ndicho kinachoonyesha diski ipi ni kuu, ipi ya kuifuata. Nikamtania: kumbe hata humo kuna kaka na mdogo wake? Hakucheka. Kasema kompyuta ikitaka niifomati diski, nikatae katakata, nisije nikafuta kila kitu. Kanipa na programu ya kunakili bila kugusa kilichomo.

Nikauliza kama itapona. Kasema yeye si daktari. Lakini alisema kwa upole.

Jumatano, 6 Machi

Inazunguka! Mvumo mwembamba, halafu tik, tik. Imeonekana kwenye orodha, ila haifunguki. Papo hapo swali: niifomati? Hapana. Hapana!

Dada alikuwa nyuma yangu. Kaandika: “Mkiisikia mtanihurumia zaidi.” Nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Kaandika, kwa herufi kubwa safari hii: “MTOTO ANA MAMA. NI HUYU.” Akaenda kuanua nguo.

Ana haki. Na mimi je? Mtoto namsingizia tu. Mwenye kiu ya sauti ile ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Programu inanakili tangu asubuhi, inakwama, inaendelea, inakwama. Mafaili mengi yametoka matupu. Moja tu linaonekana zima. Sikulifungua. Nilitaka – Mungu anajua nilivyotaka! Nikamwita Dada. Nikamwambia uamuzi ni wake. Akisema nifute, nafuta sasa hivi.

Aliketi. Kisha kibao: “Toka. Funga mlango.”

Naandika hapa koridoni, goti ndiyo meza. Hakuna kinachosikika. Huenda ameshalifuta.

Hapana – ni yeye! Sura ya tatu, anasema, somo la mvua. Sauti ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa sentensi. Kakosea neno. Anacheka! Nimejiziba mdomo kwa kiganja.

Imekatika. Faili limeishia hapo, au ni yeye kalisimamisha – sijui. Kiti kimesogea. Basi, anatoka.

Hatoki. Imeanza upya, toka mwanzo.

Mpwa wangu kaja mbio kutoka uani, miguu imejaa vumbi. Kasimama. Anasikiliza, kichwa upande. Ananinong’oneza: “Mjomba, mama yuko na nani humo?”

Mkono wake umeshashika kitasa.