Shamba la Bondeni Limeandikwa Jina Lako

Mwamapalala,
Itilima, Simiyu.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mayala,

Mwangaluka. Hamjambo huko Katavi? Shemeji Esteria na watoto wazima? Ng'ombe wanapata malisho? Sisi tupo. Mama kifua kinambana kidogo asubuhi, lakini ugali anakula. Mvua imeanza na watu wanapanda pamba.

Nisikufiche, nilitaka kukunyang'anya shamba la bondeni. Kijiji kinatoa hati za kimila, nikaenda kuandikisha kwa jina langu. Nikasema umelitelekeza, mwaka wa kumi na nne huu hujaligusa. Kwani nilisema uongo?

Nikampeleka mama awe shahidi wangu. Mimi ndiye ninayemchotea maji na kumpeleka zahanati, nani mwingine angenisemea? Akasimama mbele ya watu akasema, "Kila mwaka namtuma Deogratias amlimie mwenzake."

Mayala, nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli alikuwa akinituma. Mimi nilidhani ni maneno ya mama tu, maana pamba nilivuna na kuuza mwenyewe.

Mwenyekiti akanieleza taratibu. Kuhama peke yake si kutelekeza. Shamba huhesabiwa limetelekezwa likikaa miaka mitano bila mtu kulitumia, na hilo halijalala hata msimu mmoja. Kumbe jembe langu ndilo limekulindia! Ningekuwa mvivu, leo lisingekuwa lako.

Nakuonea wivu, ndugu yangu, wala sioni haya kusema. Wewe ukipiga simu mara moja kwa mwezi, mama anacheka siku nzima. Mimi nipo hapa kila siku, ananiuliza tu kama mbuzi wamefungwa. Wanasema mkaa bure si sawa na mtembea bure, lakini mimi sikukaa bure.

Basi, wameandika jina lako. Mimi nimesaini kama shahidi wako. Njoo uichukue hati yako mama angali hai.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza mama nani atalima bondeni msimu huu. Akanitazama kama mtu aliyeuliza upuuzi, akaendelea kuchambua mchicha. Jana nimemaliza kupanda, ekari zote mbili.

Klementina wangu anawasalimu, na baba mdogo Kristofa pia. Mungu awalinde na awarudishe salama.

Kaka yako akupendaye, ingawa kwa kinyongo,
Deogratias