Shangazi, Nyumba Yako Imo Ndani ya Mpaka

Shangazi yangu,

Shikamoo, huko uliko. Tangu tukuzike, mkonge umepandwa hadi nyuma ya choo chetu. Mwekezaji wa shamba sasa anaitaka kambi yetu nzima, eti imo ndani ya mpaka wake. Anasema sisi, wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge huu, ni wavamizi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukienda Korogwe kimyakimya kudai kiwanja? "Njoo wiki ijayo, mama," karani wa ardhi alikuambia. Ukaenda tena na tena. Siku moja ukamkuta Mama Yohana, jirani yetu, kwenye benchi lilelile. Kumbe naye alikuwa akikuficha safari zake. Mlicheka hadi karani akatoka kuwatazama.

"Tunasubirishwa mmoja mmoja," ulisema uliporudi, ukaita watu uani. Huyu alitaka shamba, yule fidia, mwingine msikiti tu usiguswe. Ukawakatiza: "Hasira tunayo wote, lakini kila mtu ana yake. Tukubaliane jambo moja kwanza." Mkakubaliana makaburi yasilimwe.

Waislamu mkafyeka upande wa misalaba, Wakristo wakafyeka upande wetu, asije mtu akasema ni kelele za wachache. Mkuu wa wilaya alipofika alikukuta na ushungi wako na panga mkononi, akakuuliza chini ya msalaba ule amelala nani wako.

"Wote hapa ni wetu, mheshimiwa."

Trekta lililoletwa kuyalima makaburi likageuzwa. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyokuonea wewe siku ile.

Sasa watu wa mwekezaji wamerudi kwa ajili ya nyumba, na safari hii wamekuja kwa upole. Wanapita mlango kwa mlango, kila mtu anaahidiwa lake. Tukikutana bombani watu wanasalimiana haraka na kuondoka. Naogopa, Shangazi. Wewe ungejua namna ya kuwachekesha kwanza.

Jana walifika kwangu. Wakasema nyumba yako itaachwa, mradi nisionekane kwenye mkutano wa kijiji wa kesho. Nikautazama ukuta uliousiriba kwa mikono yako, nikalia mbele yao bila haya. Kisha nikawaambia nitakuwepo, na nitakaa mbele.

Wakiibomoa, nisamehe. Nisingeweza kulala ndani yake huku Mama Yohana analala nje.

Pumzika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako