Majani Niliyomwachia Zuhura Achume

Jumamosi, saa nane mchana. Manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na mlima umejifunika. Kutoka barazani kwangu hapa Kibosho sioni hata mwisho wa migomba. Kazi ya shamba haiwezekani. Nimekaa na kompyuta aliyoniachia binti yangu, na shajara hii ya mtandaoni, ambayo kwa kawaida huiandikia habari za mvua na ng'ombe, leo itanibidi niiambie ukweli.

Nina wivu.

Kwanza niliandika "nimeudhika", nikafuta. Kisha nikaandika "nina wasiwasi juu ya nidhamu ya shule", nikafuta tena. Nimewafundisha watoto maisha yangu yote kwamba kila jambo lina neno lake. Basi na hili lina lake. Ni wivu, na nimemwonea msichana ambaye ningeweza kumzaa.

Anaitwa Zuhura. Alikuja Januari kutoka Lindi, akapewa Darasa la Tatu B. Mimi nina Darasa la Tatu A, na mwaka huu ni wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Kati ya madarasa yetu kuna ukuta wa mbao tu. Kila kinachotendeka B kinasikika A.

Kinachosikika zaidi ni kicheko.

Zuhura hupanga siku. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi darasa lake huwa na siku yenye jina. Alianza na Siku ya Rangi, kila mtoto akaja na kitu chenye rangi aipendayo. Ikafuata Siku ya Kofia. Ikafuata Siku ya Ndizi, na hiyo ndiyo iliyoniondolea raha. Watoto walileta ndizi za kila aina kutoka vihambani, yaani mashamba ya nyumbani kwao, wakazipanga juu ya madawati: mshare, kitarasa, kisukari, ndizi za kupika na za kuiva. Akawaacha waziite kwa Kichagga. Akawa anayarudia yale majina kwa ulimi wake wa pwani, anakosea, nao wanamcheka na kumsahihisha.

Mwalimu anasahihishwa na watoto, na anafurahi!

Wa kwangu siku hiyo walikuwa na zoezi la kutoa kwa kukopa. Walikuwa wameinamia madaftari, lakini masikio yao yote yalikuwa ukutani.

Nilijaribu na mimi. Hilo nalo nalikiri. Mwezi uliofuata nilitangaza Siku ya Mwandiko Safi. Nilichonga penseli zote mwenyewe, nikaandika jina la siku ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Mtoto mmoja, Glory, akanyoosha mkono kwa adabu kamili.

"Mwalimu, siku hii ina tofauti gani na jana?"

Nikamwambia aandike tarehe.

Tangu hapo nikaanza kuhesabu mambo ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyahesabu. Asubuhi watoto wananiamkia shikamoo kutoka mbali, mikono nyuma, kisha wanapita. Zuhura wanamkimbilia na kumng'ang'ania sketi, wengine wakiwa ni wa darasa langu. Nilisimama dirishani na kuwatambua mmoja mmoja kwa visogo vyao.

Na kuna jambo la Kiswahili. Mimi Kiswahili nilikisomea. Nilizaliwa katika nyumba ya Kichagga, nikakipata kwa jasho, kanuni kwa kanuni, na kwa sababu nilikipata kwa jasho nilikilinda kama mali. Yeye amezaliwa nacho. Anapozungumza hafikiri. Nikimsikiliza kupitia ukutani naona kwamba nimekuwa nikivaa suti ya kazi maisha yote, na huyu binti anatembea na nguo zake za nyumbani, na zinampendeza kuliko suti yangu inavyonipendeza.

Mwezi huu mwalimu mkuu alimwagiza apange siku moja kwa ajili ya madarasa yote mawili. Alimwagiza yeye, si mimi. Zuhura akaipa jina Siku ya Wakubwa Wetu: kila mtoto aje na mkubwa mmoja kutoka nyumbani, awe babu, bibi, mama au baba, waketi pamoja darasani, watoto wawasomee na kuwaimbia, kisha wote wale mtori wa ndizi na nyama. Aliandika mpango wake kwenye kurasa mbili, na mwalimu mkuu akaniletea niukague lugha. Hiyo ndiyo kazi niliyobakiziwa.

Katika ukurasa wa pili aliandika hivi: "Kila mtoto atampa mkubwa wake jani bichi kwa mikono miwili, kama ishara ya kumkaribisha."

Jioni ya siku hiyohiyo alinifuata nikitoka getini.

"Mama, yale majani marefu yaliyopandwa mpakani kwako ni mazuri mno. Naomba nichume machache kwa ajili ya Ijumaa."

Majani marefu ya mpakani kwangu ni masale.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Isale kwetu si pambo. Tumelipanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee wetu. Mtu aliyekosana na mwenzake, akishindwa maneno, humpelekea isale. Maana yake ni moja tu: naomba unisamehe. Na anayeletewa hawezi kukataa. Anaweza kuwa na hasira ya miaka kumi, lakini jani likifika mkononi mwake jambo limekwisha. Hakuna mzee hapa mlimani anayechukua isale kwa mchezo, na hakuna anayelitoa bila kosa.

Zuhura hakujua. Angejuaje? Nilimwona wazi katika akili yangu mbele ya wazee, watoto wote wakiwakabidhi masale, wazee wakikunja nyuso na kuuliza ni upuuzi gani huu, mwalimu mkuu akitafuta pa kuangalia. Nikaona pia vicheko vikikoma.

Nikamwambia, "Chuma."

Kisha nikaenda nyumbani nikamaliza kuukagua mpango. Nilisahihisha koma mbili. Jani nikaliacha.

Jana ikawa ndiyo siku. Waliondoa madawati ya B, wakapanga mabenchi ya kanisani, na ukuta wa mbao wakaufungua, kwa hiyo madarasa yakawa moja. Wakubwa walijaa. Wengi wao niliwafundisha mimi. Wengine walikuja na miavuli, wengine na magunia ya nailoni kichwani. Nilikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Ndoo ya masale ilikuwa mbele, na watoto wawili watatu waliyaangalia kisha wakaangaliana. Walijua. Lakini mtoto hamsahihishi mwalimu. Hilo niliwafundisha mimi.

Zuhura akapiga makofi mara moja, watoto wakachukua kila mmoja jani lake, wakawaendea wakubwa wao.

Wazee waliyapokea, kisha wakaanza kuyageuzageuza.

Mzee Aloisi, babu yake Glory, ndiye mkubwa kuliko wote waliokuwepo. Alilishika jani lake kwa ncha za vidole.

"Mjukuu wangu, nani amekutuma na isale?"

"Mwalimu."

"Amenikosea nini?"

Glory akageuka kumtazama Zuhura. Zuhura alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kutafuta njia ya kutokea. Watu walianza kunong'ona kwa Kichagga. Moyo wangu ulidunda kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ilikuwa hivyo.

"Mwanangu," Mzee Aloisi akamwambia Zuhura, "masale haya umeyatoa kwenye mpaka wa nani?"

"Kwa Mwalimu Mama," akajibu, akininyooshea mkono kwa heshima. "Ametupa mwenyewe."

Mabenchi yote yakageuka.

Hilo sikulifikiria. Nilifikiria kila kitu isipokuwa hilo. Isale halitembei lenyewe; linamsemea mwenye mpaka lilikotoka. Zuhura alikuwa mgeni, hakuna aliyemdai. Lakini mimi nimewafundisha nusu ya watu wale, na wote walikuwa wameshika masale yangu mikononi.

Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba kumetokea kosa, kwamba mimi sikutuma chochote. Kabla sijafungua kinywa alisimama Evarista, ambaye mwanawe yuko darasani kwangu. Ni mwanamke mpole, anauza maziwa, huwa tunasalimiana kila Jumapili.

"Mwalimu, nilijua ipo siku," alisema. "Unakikumbuka kile kibao?"

Nilikikumbuka. Zamani nilikuwa na kibao chenye kamba. Mtoto aliyesema Kichagga darasani alikivaa shingoni mpaka apatikane mwingine wa kumrithi. Nilijivunia kibao kile. Shule yetu ilisifiwa kwa Kiswahili.

"Siku uliyonivisha mimi nilikuja kukuambia kwamba bibi amefariki. Sikujua namna ya kulisema kwa Kiswahili. Nilikivaa mpaka Ijumaa." Alilinyanyua jani. "Nimelipokea, Mwalimu. Limekwisha."

Nilijaribu kumkumbuka akiwa mdogo, amesimama mbele yangu na habari ile. Sikuweza. Walikuwa wengi mno.

Akasimama mwingine, akasema na yeye amepokea. Akasimama baba mmoja mnene nyuma kabisa.

"Mimi fimbo za hesabu nimekusamehe, Mwalimu. Ila zile fimbo za mwandiko, nipe mpaka Krismasi!"

Wakacheka, darasa zima, wazee na watoto. Mkewe akamvuta shati. "Kaa chini wewe, mwandiko wako hata sasa unastahili!"

Wakacheka tena. Kilikuwa kicheko kilekile nilichokuwa nikikisikia kupitia ukutani, ila safari hii nilikuwa upande wake, na kilinihusu mimi, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mzee Aloisi akanyanyuka taratibu, akatikisa kichwa kuelekea kwangu.

"Mwalimu mzima kuomba hivi mbele ya watu si jambo dogo," alisema. "Mimi sikuwa nakudai kitu, lakini nimekuheshimu."

Nikakaa. Mtori ukaja, tukala.

Baada ya watu kuondoka nilibaki nikikusanya bakuli. Zuhura akaja, macho mekundu. Mtu alikwishamweleza maana ya isale.

"Mama, kumbe ndiyo maana ulikubali haraka vile," alisema. "Ulitaka kuwaomba msamaha, ukanipa mimi nikupelekee. Na mimi nilidhani hunipendi."

Nilizisuuza zile bakuli.

"Ungeniambia tu, Mama, ningeipanga vizuri zaidi. Ningekuweka mbele."

"Hapana haja," nilisema.

Akanikumbatia, na mikono yangu ina maji. Akalia kidogo begani kwangu. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa jinsi machozi yanavyomjia kirahisi.

Sikulala vizuri. Leo nimeamka nikiwa mtu ambaye kijiji kizima kinamsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Evarista ameniletea lita mbili za maziwa. Paroko amenisalimia kwa kunishika mikono yote miwili. Watu wamenisamehe kibao, na fimbo, na makali yangu yote, na sikuwa nimewaomba. Sijui kama msamaha wa namna hiyo unashika. Nadhani itanibidi niwapitie mmoja mmoja niombe kwa kinywa changu, nikianza na Evarista, ili huo msamaha wao upate pa kukaa.

Lakini kosa la wiki hii halimo katika hayo. Kosa la wiki hii linamhusu mtu mmoja, na huyo ndiye pekee jana ambaye hakupewa jani. Anadhani mimi ni mwema.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba mambo yaliishia vizuri, kwamba kumweleza ni kumtia uchungu bure, kwamba akijua hataniamini tena na bado tuna muhula mzima wa kugawana ukuta. Yote ni kweli, na yote ni kama "nimeudhika" na "nina wasiwasi juu ya nidhamu". Yanapaswa kufutwa.

Ninachoogopa hasa ni kidogo zaidi na ni cha aibu zaidi. Jana, kwa mara ya kwanza tangu Januari, mtoto wa B alinishika sketi. Sitaki kumrudisha.

Jumatatu, kabla ya kengele, Zuhura huwa wa kwanza kufika, anafuta ubao. Nitaingia B, nitafunga mlango, nitamwambia: nilijua maana ya majani yale, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka uaibike. Sitaongeza kwamba nilikuwa nimechoka, wala kwamba mimi ni mzee. Akitaka kulia alie, akitaka kunifukuza nitatoka.

Wivu wenyewe haujaisha. Hata sasa, nikiandika, nafikiria mwezi ujao atapanga siku gani, na natamani isifane.

Ukurasa huu nitauhifadhi bila kuuchapisha mpaka niwe nimekwisha kumwambia. Kama unausoma, basi nimeshatoka katika lile darasa, na anajua.