Ufa wa Jikoni, Gilgil

Mama mpendwa,

Mko salama huko Kakamega? Hapa kumenyesha usiku kucha. Ile nyumba ya shamba tuliyotaka kuhamia ni nzuri, lakini jikoni kuna ufa sakafuni. Mzungu aliyeijenga aliujaza mawe, waliomfuata wakamwaga simiti, na sasa mzee anayeilinda hubandika gazeti juu yake kwa uji kila jioni, aone kama utapanuka usiku. "Likiamka zima, tunakunywa chai ndani," aliniambia.

Leo asubuhi gazeti lilikuwa limepasuka katikati. Mzee alibeba sufuria ya chai akatoka nje, nami nikamfuata mbio.

Nakuandikia nikiwa nje kwenye nyasi. Mwambie Nyanya arudishe kabatini vyombo alivyofungasha, hatuhamii tena huku. Nawapenda sana. Viatu vyangu bado viko ndani.

Wako,
Nekesa